Kengele za Notre-Dame: kilichoungua, kilichosalimika na kilicho kipya

Tangu jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, moto ulipoteketeza paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris, kuna maelezo mawili ambayo hayakomi kurudiwa. Ya kwanza yanadai kwamba minara ya kanisa hilo ilianguka na kengele zake zikayeyuka. Ya pili, yaliyopata nguvu kengele ziliposikika tena mwezi Novemba 2024, yanadai kwamba sauti ile ndiyo iliyosikika masikioni mwa watu wa Zama za Kati, bila kubadilika. Yote mawili hayako sawa, na ajabu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuyaamini yote kwa pamoja bila kuona yanavyopingana.

Tuanze na majina ya vitu, kwa kuwa hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu wa jimbo, liwe dogo au kubwa, na Notre-Dame ndilo la Askofu Mkuu wa Paris. Jengo lilianza kuinuliwa mwaka 1163, enzi za Askofu Maurice de Sully, na upande wake wa magharibi, penye milango mikuu, una minara miwili ya mawe yenye vilele bapa na urefu wa mita 69. Minara hiyo ilikamilika kuelekea katikati ya karne ya 13. Hiyo ndiyo minara ya kengele. Anayeijua Shangani, Unguja, atakumbuka sura ya namna hiyo katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, ambalo wenyeji wamezoea kuliita kwa kilichoonekana kwanza machoni mwao: Minara Miwili.

Kitu cha tatu kirefu katika Notre-Dame hakina uhusiano na minara hiyo. Ni mnara mwembamba uliochongoka, wa mbao zilizofunikwa kwa risasi, uliosimama katikati ya paa, pale mikono ya msalaba wa jengo inapokutana na kiwiliwili chake. Huo ndio uliokatika mbele ya kamera za dunia nzima. Ulikuwa mrefu kuliko minara ya mawe, ukifikia takribani mita 96 kutoka ardhini, lakini kwa umri ulikuwa mdogo mno kuliko hiyo. Msanifu Eugène Viollet-le-Duc aliusimamisha mwaka 1859, mahali ulipokuwa mnara wa aina hiyo wa karne ya 13 ambao ulikuwa umebomolewa mwishoni mwa karne ya 18 kwa uchakavu. Waliolia siku ile kwamba kazi ya Zama za Kati inaanguka walikuwa wakitazama kazi ya karne ya 19, ingawa boriti nyingi za mwaloni zilizoungua chini yake, katika paa, zilikuwa kweli za kale. Kengele chache ndogo zilizokuwa katika mnara huo na darini ziliangamia pamoja navyo. Kwa hiyo habari ya kengele kuungua haikutoka hewani. Ilibebeshwa tu kengele zisizohusika.

Kengele kubwa, zile ambazo jiji linazitambua kwa sauti, ni kumi. Mbili nzito kuliko zote zimo katika mnara wa kusini: Emmanuel, yenye takribani tani 13 na kipenyo cha mita 2.6 hivi, na Marie, yenye tani 6. Nane zilizobaki zimo katika mnara wa kaskazini, kuanzia Gabriel yenye kilo 4,162 hadi Jean-Marie yenye kilo 782, na katikati yake Anne-Geneviève, Denis, Marcel, Étienne, Benoît-Joseph na Maurice. Majina hayo hayakutolewa ovyo. Denis anatajwa kuwa askofu wa kwanza wa Paris, Geneviève ni msimamizi wa jiji, Maurice ni yule askofu aliyeanza ujenzi, Benoît-Joseph ni Papa Benedikto wa 16 aliyeitwa Joseph kabla ya upapa, na Jean-Marie ni Kardinali Jean-Marie Lustiger, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Paris. Kengele ya kanisa hubarikiwa kwa ibada inayofanana kwa sura na ubatizo, ikapewa jina na hata wasimamizi, na ndiyo maana watu husema imebatizwa. Kwa mafundisho ya Kanisa, hata hivyo, hiyo ni baraka tu, kwa kuwa chuma hakipokei sakramenti.

Sasa tufike mahali ambapo maelezo mengi ya magazeti yalipita haraka, na ambapo mimi naona ndipo penye kiini cha habari yote. Kengele hizi hazikufungwa kwenye mawe ya mnara. Ndani ya kila mnara kuna kiunzi kikubwa cha mbao za mwaloni, kama jengo jingine lililosimamishwa ndani ya jengo, kinachokaa juu ya ukingo wa mawe chini na kuinuka bila kuegemea kuta. Kengele zinaning'inia humo. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufunga pembea kwenye tawi la mwembe. Mtoto anapobembea, tawi huyumba pamoja naye kidogo kidogo, na kwa kuyumba huko linajiokoa. Pembea ile ile ikifungwa kwenye ndoano iliyopigwa ukutani, baada ya siku chache plasta itaanza kupasuka. Kengele ya tani 13 ikiyumba husukuma vitu vilivyoishikilia upande huu na upande ule, kila baada ya sekunde chache, kwa muda wote inapolia. Ukuta wa mawe una nguvu kubwa ya kubeba uzito unaoukandamiza kutoka juu, lakini ni dhaifu mbele ya msukumo wa pembeni unaorudiwa. Mbao, ambazo zinaweza kupinda na kurudi, huumeza msukumo huo kabla haujafika kwenye mawe.

Kwa karne nyingi, basi, mbao ndizo zilizoilinda minara dhidi ya kengele zake. Usiku wa tarehe 15 Aprili mbao hizo hizo ndizo zilizokaribia kuiangusha. Moto ulioanzia katika paa ulipenya hadi ndani ya mnara wa kaskazini na kuanza kula mbao karibu na kiunzi. Kama kiunzi kingeshindwa, kengele nane zenye jumla ya zaidi ya tani 16 zingeporomoka kupitia sakafu za mnara, na mnara uliopigwa hivyo kutoka ndani ungeweza kuanguka na kuuvuta mwenzake, na pamoja nao sehemu kubwa ya mbele ya kanisa. Kikosi cha wazima moto kilipanda ndani ya mnara huo na mipira ya maji, kikijua kwamba sakafu waliyoikanyaga ingeweza kuondoka chini yao. Kabla ya usiku wa manane, Jenerali Jean-Claude Gallet, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha Paris, alitangaza kwamba jengo lenyewe limeokolewa na minara yote miwili imesimama. Ukiulizwa ni wakati gani Notre-Dame ilikaribia zaidi kupotea, jibu ni saa zile za mnara wa kaskazini, ambazo kamera hazikuziona vizuri, wala si dakika ile mnara mchongoka ulipokatika.

Kuhusu kuyeyuka, inafaa kuongeza kwamba kengele haihitaji kuyeyuka ili ife. Ufa mmoja unatosha. Kengele iliyopasuka inaweza kuwa nzima machoni lakini ikigongwa hutoa sauti kavu isiyodumu, na ndiyo maana hofu ya mafundi usiku ule ilikuwa juu ya kuanguka na kupasuka, zaidi ya kugeuka uji wa shaba.

Kengele hizi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati, kwa kawaida sehemu 78 za shaba na sehemu 22 za bati katika kila 100. Bati ndilo linaloufanya mchanganyiko uwe mgumu na sauti idumu, lakini likizidi, kengele hupata udhaifu mbaya kuliko wote: inavunjika kwa urahisi. Fundi husubu kengele katika kalibu ya udongo uliochanganywa na mavi ya farasi na manyoya ya mbuzi, vitu vinavyosaidia kalibu kupumua na kutopasuka inapopokea metali yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Njia hii ya zamani bado inatumiwa katika karakana ya Cornille-Havard, katika mji wa Villedieu-les-Poêles huko Normandy, zilikotoka kengele nane za mnara wa kaskazini.

Sauti ya kengele si noti moja, hata kama sikio linadhani hivyo. Mdomo mnene, tumbo na bega la kengele hutetema kila mahali kwa namna yake, na kutokana na hayo huzaliwa noti kadhaa kwa wakati mmoja: ya chini inayovuma kwa muda mrefu, ya katikati inayotoa jina la kengele, na nyingine juu yake. Mojawapo ya noti hizo huipa kengele ule mguso wa huzuni unaosikika hata inapolia kwa furaha ya arusi. Kazi ya fundi baada ya kusubu ni kukwangua metali kidogo kidogo upande wa ndani, hadi noti hizo zikubaliane. Kosa la kukwangua kupita kiasi halirekebishiki, isipokuwa kwa kuyeyusha na kuanza upya. Ulimi wa kengele nao, yaani kile kipande cha chuma kinachogonga mdomo wake kutoka ndani, hutengenezwa kwa chuma laini kuliko kengele yenyewe, ili muda ukipita kiliwe chenyewe na kengele ibaki nzima. Ulimi wa Emmanuel peke yake una karibu nusu tani.

Emmanuel ndiyo pekee kati ya zile kumi inayostahili kuitwa ya kale. Ilisubiwa miaka ya 1680, na mwaka unaotajwa kwayo ni 1686, lakini historia yake inarudi nyuma zaidi, hadi kengele iliyotolewa karibu mwaka 1400 na Jean de Montaigu, ambayo iliitwa Jacqueline kwa jina la mkewe. Kengele hiyo ilisubiwa upya zaidi ya mara moja, na katika umbo lake la mwisho ilipewa jina la Emmanuel na Mfalme Louis wa 14, aliyekuwa msimamizi wake. Hapa ndipo inapoingia hadithi ya dhahabu: kwamba mabibi wa Paris walitupa pete na mikufu yao katika tanuri, na ndiyo sababu sauti yake ni safi hivyo. Hadithi ni nzuri na sina ubaya nayo, ila dhahabu haifanyi kazi hiyo. Ni metali laini, na kadiri unavyoizidisha ndivyo unavyoharibu ugumu ambao bati limeuleta. Usafi wa sauti ya Emmanuel unatokana na umbo lake, na unene wake uliopimwa vizuri, na kwa hilo heshima inawarudia mafundi.

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kanisa lilikuwa na kengele takribani 20, nane katika mnara wa kaskazini, mbili katika mnara wa kusini, na nyingine katika mnara mchongoka na juu ya bawa la kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 karibu zote zilishushwa na kuyeyushwa, kwa kuwa dola mpya ilihitaji metali ya mizinga na sarafu. Marie ya kale, mwenzake Emmanuel, ilikwenda na maji hayo. Emmanuel ilinusurika, ikarudishwa kulia mwaka 1802 baada ya Napoleon kupatana na Kanisa. Mwaka 1856 zikaletwa kengele nne kwa ajili ya mnara wa kaskazini, lakini metali yake ilikuwa duni na noti zake hazikupatana wala kati yake wala na Emmanuel. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wa Paris walisikia mlio huo uliopotoka na wengi wao wakaupenda, kama mtu anavyopenda kinanda kibovu cha nyumbani kwao. Zilipoondolewa, kulikuwa na malalamiko.

Mbadala wake ulikuja mwaka 2013, kanisa lilipoadhimisha miaka 850. Kengele nane za Villedieu, pamoja na Marie mpya iliyosubiwa katika karakana ya Eijsbouts huko Asten, Uholanzi, zililia kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 2013, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Idadi yake na mpangilio wa noti vilichaguliwa ili kurudisha mkusanyiko wa sauti uliokuwapo kabla ya Mapinduzi, huku Emmanuel ikiwa ndiyo kipimo ambacho zote zililinganishwa nacho. Msomaji aone jambo hili la ajabu kidogo: kengele za karne ya 19, zilizokuwa kongwe, zilikuwa mbali na sauti ya kale ya Notre-Dame kuliko kengele za mwaka 2013. Mtu anayesema kwamba sauti ya leo inafanana na ile iliyosikika kabla ya Mapinduzi ana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu mafundi walikusudia hivyo. Anayesema kwamba kengele zenyewe ni za wakati huo amekosea kwa tisa kati ya kumi.

Na Quasimodo, mpiga kengele wa Notre-Dame katika riwaya ya Victor Hugo, je? Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1831 na visa vyake vimewekwa mwaka 1482. Mpiga kengele huyo kiziwi hakuwahi kuishi, na kengele ambazo Hugo anamfanya azipende haziwezi kuwa hizi za leo, kwa kuwa hata Emmanuel katika umbo lake la sasa ilikuwa bado miaka 200 kuzaliwa. Uziwi wake, hata hivyo, haukuwa uzushi mtupu wa mwandishi, kwa sababu mtu akikaa kando ya kengele za uzito huo zikilia bila kuziba masikio, ataharibikiwa kweli. Mnarani leo hamkai mtu. Kengele huyumbishwa kwa mota za umeme.

Moto wa 2019 uliziacha kengele kumi zikiwa salama, lakini mbao zilizozishikilia upande wa kaskazini zilikuwa zimeguswa, na vumbi la risasi kutoka kwenye paa lilikuwa limetua kila mahali. Emmanuel ililia peke yake tarehe 15 Aprili 2020, mwaka mmoja baada ya moto, katikati ya jiji lililofungwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 kengele nane zilishushwa ili kiunzi kitengenezwe, zikapelekwa Normandy kusafishwa, zikarudi kwa malori mwezi Septemba 2024. Tarehe 8 Novemba 2024 zililia tena kwa pamoja, na mwezi uliofuata, tarehe 7 Desemba, milango ya kanisa ikafunguliwa. Basi zile picha za kengele kubwa zikiwa juu ya malori, ambazo wengi walizichukua kuwa ushahidi kwamba kengele mpya zinaletwa badala ya zilizoyeyuka, zilikuwa picha za kengele zile zile zikirejea kwao.

Namna zinavyolia nayo ina utaratibu. Kugonga saa hufanywa kwa nyundo inayopiga kengele iliyotulia, lakini mwito wa ibada hufanywa kwa kuyumbisha kengele nzima, na tofauti inasikika: kengele inayoyumba hutupa sauti yake kwa mawimbi. Madirisha ya minara yana mbao pana zilizoinamishwa, zinazozuia mvua na kuielekeza sauti chini, mitaani, badala ya kuiacha ipotee angani. Kengele ndogo zina kazi za kila siku, ikiwamo sala ya Malaika wa Bwana. Emmanuel husubiri sikukuu kubwa na siku ambazo taifa zima linasimama. Ililia usiku wa tarehe 24 Agosti 1944, askari wa kwanza wa ukombozi walipoingia katikati ya Paris. Papa Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, Notre-Dame ilipiga kengele mara 88, kwa idadi ya miaka yake. Kuanzia Alhamisi Kuu hadi mkesha wa Pasaka zote hunyamaza, kama ilivyo katika parokia za Kikatoliki za kwetu, na watoto wa Kifaransa huambiwa kwamba zimeruka kwenda Roma na zitarudi na peremende.

Imebaki kutaja kengele ambazo kweli ni mpya, nazo ni tatu, zilizoletwa mwezi Novemba 2024 kuziba pengo la zile ndogo zilizoangamia, na zikawekwa juu ya paa na si katika minara. Mojawapo ilianza maisha yake mbali na altare. Ilisubiwa na karakana ile ile ya Villedieu kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, ina uzito wa takribani kilo 500, na ilitundikwa kando ya njia ya mbio katika uwanja wa Stade de France, ambako washindi walikuwa wakiipiga baada ya ushindi wao. Waliotwaa dhahabu za mbio uwanjani humo mwezi Agosti ule ni pamoja na Faith Kipyegon, Beatrice Chebet na Emmanuel Wanyonyi wa Kenya, na Joshua Cheptegei wa Uganda. Kengele hiyo sasa hulia wakati wa Misa.